Unga Karibu, Tanuri Mbali

Kutoka Kaptembwo hadi Njoro ni kilomita kama 20, na Njoro ndiko ngano ya Kenya ilikojaribiwa, ikashindwa, ikajaribiwa tena hadi ikakubali. Mtu angedhani, basi, kwamba wakaazi wa mtaa huu wa magharibi mwa Nakuru wamekuwa wakioka biskuti tangu enzi za babu zao. Haikuwa hivyo. Biskuti ya sukari iliyosukumwa, ikakatwa umbo la nyota, moyo au namba ya umri wa mtoto, kisha ikapambwa kwa aisingi ya rangi, imeingia katika vyumba vya kupanga vya Kaptembwo juzijuzi tu. Unga haukuwa shida. Kilichokosekana ni moto wa aina yake: moto uliofungiwa sandukuni, unaopasha juu na chini kwa pamoja, na unaotulia bila kupanda wala kushuka kwa dakika kumi. Ukiifuatilia historia ya biskuti Nakuru kwa makini, utajikuta unauliza swali moja tu kila hatua: tanuri lilikuwa la nani?

Tuanzie kwenye unga. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipita Nakuru mwaka 1900, na mwaka uliofuata ikafika Kisumu. Kando ya kituo maduka yakaota, na mwaka 1904 Nakuru ikatambuliwa rasmi kuwa mji. Wakati huohuo serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwagawia walowezi ardhi ya bonde kana kwamba haikuwa na wenyewe. Hugh Cholmondeley, Lord Delamere wa tatu, alipata ekari 100,000 Njoro. Alianza na kondoo, lakini wengi wakafa, maana nyasi za pale zilipungukiwa na madini. Akahamia ngano. Ngano ikamea vizuri, kisha kutu ikaingia, ule ugonjwa wa ukungu unaopaka shina rangi nyekundu na kuacha punje zimesinyaa. Badala ya kufunga virago, Delamere aliajiri mtaalamu, akamfungulia maabara shambani, wakaanza kuchanganya mbegu za nchi mbalimbali wakitafuta moja itakayostahimili. Mwaka 1908 ikaanzishwa kampuni ya kusaga ya Unga, yeye akiwa miongoni mwa waasisi, na mwaka 1927 serikali ikafungua kituo chake cha kuzalisha mbegu palepale Njoro.

Kutu yenyewe haijasalimu amri. Aina mpya iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998, inayoitwa Ug99, ilivuka mpaka, na mwaka 2005 Norman Borlaug, mshindi wa Tuzo ya Nobel, akapiga mbiu kwamba ngano ya dunia imo hatarini. Tangu hapo mbegu kutoka mabara yote hupelekwa Njoro zikapandwe mahali ambapo ugonjwa umeachwa usambae makusudi, ionekane ipi itasalia. Mtaalamu wa ngano wa India au Mexico analijua jina la Njoro vizuri kuliko abiria wengi wanaoipita kila siku kwa matatu.

Unga peke yake hautoshi. Biskuti inataka siagi na sukari pia. Mwaka 1925 walowezi walianzisha ushirika wa maziwa wa KCC huko Naivasha ili maziwa yao yageuzwe siagi, na katika muongo huohuo kiwanda cha sukari cha Miwani, karibu na Kisumu, kilianza kusaga miwa. Hebu tazama ramani ya reli ya wakati ule: Naivasha ina siagi, Njoro ina ngano, Miwani ina sukari, na Nakuru imekaa katikati. Kufikia mwisho wa miaka ya 1920 kila kitu cha kutengenezea biskuti kilikuwa kikipita katika stesheni ya Nakuru. Kilikuwa kinapita tu. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka maskwota, yaani Waafrika walioishi kwenye mashamba ya walowezi, wamfanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili waruhusiwe kuishi na kulima kipande kidogo. Tabitha Kanogo ameyaeleza maisha yao katika kitabu chake cha mwaka 1987. Walivuna ngano, walikamua ng'ombe, na jioni walirudi kwenye mahindi na maharagwe.

Waafrika wachache walikuwa wakiigusa siagi ya Naivasha na unga wa Njoro kila siku, nao ni wapishi. Jikoni mwa mlowezi palisimama Dova, jiko zito la chuma lenye mlango mdogo wa tanuri ubavuni, linalokula kuni asubuhi hadi usiku. Kulitawala jiko hilo kulihitaji ujuzi. Halikuwa na kipimajoto. Mpishi alifungua mlango, akaingiza mkono, akahesabu kimoyomoyo kabla joto halijamshinda, kisha akaamua kama ni la mkate, la keki au la biskuti. Chini yake alikuwapo toto wa jikoni, mvulana wa kuchanja kuni, kuosha vyombo na kutazama. Shule yake ilikuwa huko kutazama. Mwaka 1928 chama cha wanawake cha kanisa la St Andrew's, Nairobi, kilitoa kitabu cha mapishi cha walowezi wa Kenya, na kitabu hicho kikachapishwa tena na tena kwa miongo kadhaa. Memsahibu alisoma, mpishi akasikiliza na kushika kichwani.

Wapishi wa Nakuru hawakuandikwa majina. Anayejulikana zaidi nchini alikuwa mbali kidogo, Ngong: Kamante Gatura, aliyempikia Karen Blixen na ambaye habari zake zimo katika kitabu cha Blixen cha mwaka 1937. Mambo mawili aliyoyaandika kumhusu yananifaa hapa. La kwanza, Kamante hakujua kusoma, kwa hiyo kila sosi aliyofundishwa aliipa jina la tukio la siku ile, kama vile siku radi ilipopiga mti, na hakusahau hata moja. La pili, alipopewa kifaa cha waya cha kupigia mayai alikiweka kando, akachukua kisu cha kupalilia kutoka bustanini, na ute wa yai ukapanda mweupe kuliko wa yeyote. Huo ute uliopigwa, ukichanganywa na sukari laini, ndio aisingi ileile ngumu inayopakwa leo juu ya biskuti za harusi na siku za kuzaliwa. Ujuzi wa kupamba ulikuwa mikononi mwa Waafrika karibu karne moja iliyopita. Mwaka 1928 Kamante alimpikia Mwana wa Mfalme wa Uingereza. Yeye mwenyewe, anasema Blixen, vyakula hivyo havikumvutia. Alipendelea mahindi ya baba zake.

Walowezi wanawake walikuwa na Ligi yao ya Wanawake wa Afrika Mashariki tangu mwaka 1917, na maonyesho ya kilimo yaliwapa uwanja wa kuonyeshana keki na jamu. Sitakawia huko. Nani aliyewasha moto wa keki zile, kadi ya zawadi haikusema.

Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, maelfu ya Wakikuyu walifukuzwa kutoka mashamba ya Bonde la Ufa na kurudishwa katika hifadhi zao za Mkoa wa Kati, wapishi na matoto wa jikoni wakiwa miongoni mwao. Mwaka huohuo ndipo shirika la Maendeleo ya Wanawake lilipoanza, likisimamiwa na idara ya serikali ya maendeleo ya jamii. Vikundi vyake vilifundisha usafi, ushonaji, ulezi na upishi, upishi wenyewe ukiwa pamoja na keki na mikate midogo ya chai. Ni rahisi kulicheka somo la keki wakati nyumba zinachomwa na watu wanafungwa vizuizini, na wapo wasomi waliolicheka. Pia ni kweli kwamba mwanamke wa Mkoa wa Kati aliyejiunga aliweza kuepuka kazi za lazima za kuchimba mahandaki, na sababu hiyo pekee ingenitosha mimi kujifunza kuchapa siagi na sukari. Lakini mafunzo hayo yaliishia palepale yalipoanzia. Mwanachama alirudi nyumbani kwenye mafiga matatu, na mafiga hayaoki.

Ngano ikaingia katika nyumba za watu wa kawaida kwa mlango mwingine: mafuta ya moto. Chapati na mandazi hazidai tanuri. Wahindi waliotawanyika kando ya reli wakafungua maduka ndio walioleta chapati, na pamoja nayo wakaleta nankhatai, biskuti ya unga, samli na sukari isiyo na yai, ambayo ilikaa kwenye mitungi ya kioo juu ya kaunta. Kwa wenzetu wa pwani na Zanzibar biskuti za nyumbani zina mizizi ya ndani zaidi. Idi inapokaribia wanawake hukanda unga pamoja, na zamani, ambaye hakuwa na tanuri alipeleka trei zake kwa mwenye nalo. Tanuri la mtaa: wazo jepesi kabisa, lakini huku bara halikushika mizizi. Nakuru tulikuwa na bekari iliyojaa mkate, lakini bekari hiyo ilikuwa ya kununua, haikuwa ya kupeleka trei yako.

Biskuti ya kununua nayo ilikuwa na mfalme wake. Madatally Manji alijenga House of Manji, akasambaza biskuti za pakiti hadi vijijini, na mwaka 1995 akatoa kitabu cha maisha yake kiitwacho Memoirs of a Biscuit Baron. Kwa mtoto aliyekua Kenya ya miaka ya 1970 na 1980, biskuti ilikuwa kitu cha karatasi, cha mgeni anayekuja Jumapili. Wazo la kwamba mama anaweza kuitengeneza lilikuwa geni kama wazo la kutengeneza sabuni.

Kaptembwo yenyewe ni zao la miaka baada ya uhuru. Mashamba ya walowezi kandokando ya mji yalinunuliwa na vikundi na kampuni za ardhi, yakakatwa viwanja, na wenye viwanja wakajenga vyumba vya kupangisha. Muundo wake haujabadilika sana: ploti moja, ua katikati, safu ya vyumba pande zote, choo na bomba vya pamoja. Wapangaji walifuata viwanda na kazi za mji: kiwanda cha betri cha Eveready kilichofunguliwa mwaka 1967 na kufungwa 2014, kiwanda cha pareto, vya mafuta ya kupikia, vya blanketi. Wakaja Waluhya, Wakikuyu, Wakisii, Wajaluo, Wakalenjin, wakagawana kamba moja ya kuanikia nguo. Chumba ni futi kumi kwa kumi au karibu na hapo. Kitanda, pazia, viti, na pembeni jiko. Tanuri utaliweka wapi?

Ununuzi nao ulikuwa wa kadogo: sukari robo, unga uliopimwa, mafuta ya Kimbo au Cowboy yaliyochotwa kwa kijiko na kufungwa kwenye karatasi ya nailoni, Blue Band ya shilingi tano. Kwa mandazi yatosha. Biskuti za kukatwa, kwa unga wa nusu kilo, zinataka siagi au majarini isiyopungua robo kilo na sukari kiasi kama hicho, vyote kwa mpigo mmoja. Hapo ndipo ilipokuwa anasa, si katika ladha.

Cha ajabu ni kwamba aliyezipeleka biskuti nyumba hadi nyumba, angalau kwa maneno, ni serikali. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, kufuatia ripoti ya tume ya Colin Mackay ya 1981, masomo ya mikono yalipewa nafasi kubwa. Sayansi Kimu ikafundishwa darasani na kutahiniwa katika KCPE. Wazazi kote nchini walichangishwa kujenga vyumba vya somo hilo, na shule nyingi zilibaki na kuta nne zisizo na jiko. Basi kizazi kizima kikajifunza kuoka ubaoni. Ukimkamata mtu aliyemaliza darasa la nane mwaka 1992 ukamuuliza tofauti ya kuchapa siagi na sukari na ile ya kusugua siagi ndani ya unga, atakutajia hatua zote kwa mpangilio, tena kwa Kiingereza, kama anayekariri sala. Wengi wao hawakuwahi kushika trei. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mzigo wa mitihani ukapunguzwa na somo likaondolewa katika KCPE. Nimesikia likidharauliwa sana. Mimi nadhani lilipanda mbegu iliyokaa ardhini miaka ishirini ikingoja mvua. Akina mama wanaooka Kaptembwo leo hawakuanzia sifuri. Walikuwa na maneno, wakasubiri moto.

Na moto ulikuja kwa vipande. Mapema miaka ya 1980 mafundi na wahandisi wa Kenya walilitwaa umbo la jiko la ndoo la Thailand, wakaliweka udongo wa kuchomwa ndani ya bati la jua kali, likawa jiko la makaa tunalolijua, linalotumia makaa kidogo na kushika joto. Kwa mara ya kwanza chumba cha kupanga kilikuwa na moto mtulivu. Hapo ndipo keki ya sufuria ilipoenea. Unachukua sufuria kubwa, unamwaga mchanga mkavu tabaka la vidole viwili, unaiacha jikoni robo saa hadi mchanga uwe moto hasa. Ndani unatua sufuria ndogo yenye mchanganyiko, unafunika kwa bati au kifuniko bapa, na juu ya kifuniko unapanga makaa yanayowaka. Juu moto, chini moto, pembeni hewa iliyofungwa: hilo ni tanuri, ingawa halina mlango.

Keki husamehe. Ina unyevu, ina kimo, na ikiungua chini unaikwangua kwa kisu ukaifunika. Biskuti haina pa kujificha. Unene wake ni milimita tano, na makaa yakizidi kidogo chini inakuwa nyeusi kabla ya uso wake kukauka. Waliojua walipunguza makaa ya chini hadi vipande vichache na kuzidisha ya juu, wakazitua biskuti kwenye kifuniko cha chuma kilichogeuzwa badala ya kuziacha ziguse sufuria. Hata hivyo sufuria ya mviringo hubeba biskuti nane, pengine kumi, na kila mkupuo huchukua dakika kumi na mbili pamoja na kupanga makaa upya. Biskuti hamsini za sherehe ya mtoto ni kazi ya mchana mzima na ndoo nzuri ya makaa. Ndiyo sababu kwa miaka mingi sherehe za Kaptembwo zilikuwa na keki na hazikuwa na biskuti.

Fundi wa jua kali alilijua soko la tanuri kabla ya maduka makubwa. Shirika la Kazi Duniani lilipotoa ripoti yake maarufu kuhusu Kenya mwaka 1972, lilishangazwa na jinsi mafundi wa chini ya jua walivyogeuza chuma chakavu kuwa riziki. Mafundi hao ndio waliokunja sanduku la mabati lenye rafu mbili la kuketisha juu ya jiko, na fundi wa bati yeyote akionyeshwa mchoro atakukunjia ukanda wa kopo la mafuta uwe moyo au nyota ya kukatia unga. Mambo hayo hayakuanzia kwetu. Huko Pennsylvania, Marekani, ambako Wamoravia wa mji wa Nazareth wanasifiwa kwa biskuti ya sukari tangu karne ya 18, wahunzi wa bati wenye asili ya Ujerumani walikunja vyuma vya kukatia biskuti kutokana na vipande vilivyobaki kazini. Kabla yao Ulaya ilichonga maumbo kwenye mbao, kazi ya gharama. Bati liliposhuka bei ndipo umbo lilipofika kwa maskini.

Umeme ungeweza kumaliza shida mapema, lakini kwenye ploti umeme ni siasa. Mita ikiwa moja kwa vyumba kumi na bili ikiwa ndani ya kodi, mwenye ploti hupiga marufuku koili, pasi na chochote kinachopata joto, na akisikia harufu ya mkate anajua wapi pa kubisha. Mita za tokeni zilipofika kwenye baadhi ya ploti, kila mpangaji akawa na uhuru wa kuchoma pesa zake. Kisha ikaja meko, mtungi wa gesi wa kilo sita, na baada yake oveni ndogo za mezani. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, makaa yakapanda bei, na kilichokuwa moto wa maskini kikaacha kuwa cha bei ya chini. Wengi walihamia gesi wakati huo. Gesi nayo ikatozwa ushuru wa VAT wa asilimia 16 kuanzia Julai 2021, ukapunguzwa hadi asilimia 8 mwaka uliofuata, na mwaka 2023 ukaondolewa. Anayeoka kwa kuuza alizihisi hatua hizo zote katika bei ya dazeni moja.

Katikati ya hayo kulikuwa na Januari 2008. Ghasia za baada ya uchaguzi ziliifikia Nakuru mwisho wa mwezi huo, na Kaptembwo ilikuwa miongoni mwa mitaa iliyoumia zaidi. Majirani wa ua mmoja walikimbilia pande tofauti, wengine uwanja wa Afraha, wengine uwanja wa maonyesho. Wapo waliorudi na wapo ambao hawakurudi tena. Anayetaka kuandika historia ya jikoni za mtaa huu hawezi kuruka mwezi ule, maana ploti zilizojazwa upya zilijazwa na watu wapya.

Machi 2020 kisa cha kwanza cha korona kilitangazwa na shule zikafungwa. Watoto nyumbani, kazi zimesimama, simu mkononi na video za kuoka zikitazamwa kwa bando la shilingi ishirini. Mtu aliyekuwa akioka kwa ajili ya watoto wake akaanza kuokea watoto wa jirani, akalipwa kwa M-Pesa, akanunua oveni kwa awamu. Biskuti ilikuwa na faida moja juu ya keki: haihitaji friji, hubebwa na boda bila kubomoka, na huuzwa moja moja. Mtaa wa kadogo ukapata kitu cha kadogo. Mtaala mpya wa umilisi ulikuwa umerudisha mapishi kwenye masomo, na wazazi waliotumiwa orodha za vifaa na walimu waliguna sana, lakini watoto wakaja nyumbani wanajua kushika kisukumio.

Kazi yenyewe, kwa anayeifanya chumbani, inafuata hali ya hewa ya Nakuru. Mji uko mita kama 1,850 juu ya usawa wa bahari. Maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na hewa nyepesi hufanya vitu vyenye baking powder vifure upesi kupita kiasi. Mapishi ya kigeni yakifuatwa neno kwa neno, nyota inatoka tanurini imekuwa duara. Walio na uzoefu hupunguza baking powder au huiacha kabisa, wakatumia unga wa kawaida badala ya ule unaojiumua. Wasio na friji hukanda usiku, wakafunga donge kwenye nailoni na kuliweka kwenye beseni sakafuni dirishani. Baridi ya Julai usiku hufanya kazi ya friji bila tokeni. Asubuhi linasukumwa kwa chupa kama kisukumio hakipo, kati ya karatasi mbili za nailoni ili unga wa kunyunyiza usizidi na kuifanya biskuti ngumu. Ikishakatwa inaachwa itulie kidogo kabla ya kuingia motoni. Inatolewa ukingo ukianza tu kupata rangi, ikiwa bado laini katikati, kwa kuwa huendelea kuiva juu ya trei.

Kupamba ndiko kunakotenganisha mwenye subira na mwenye haraka. Ute wa yai moja hubeba robo kilo ya sukari ya aisingi na kidogo zaidi. Kwanza inapigwa nzito, ya kuchora mpaka kuzunguka ukingo. Kisha sehemu inaongezwa matone ya maji hadi ilegee, na hiyo ndiyo ya kujaza ndani ya mpaka. Mfuko wa kuchorea ni nailoni iliyokatwa kona. Rangi ya pili haiwekwi hadi ya kwanza ikauke, na wakati wa mvua za Aprili kukauka kunachukua usiku kucha, biskuti zimetandazwa juu ya meza, juu ya kabati, hata juu ya televisheni, na watoto wamekatazwa kupumua karibu. Maumbo yanasoma kalenda ya mtaa: kofia za mahafali ya chekechea mwezi Novemba, kengele na nyota Desemba, mioyo Februari, rangi za ruracio, yaani sherehe ya mahari, wikendi yoyote ile.

Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipandisha bei ya ngano, maana Kenya huagiza zaidi ya nusu ya ngano inayoitumia, mashamba ya Njoro, Mau Narok na Narok yakiwa hayatoshi. Mwaka 2024 mswada wa fedha ulipendekeza VAT ya asilimia 16 juu ya mkate. Pendekezo hilo likaondolewa katika wimbi la hasira lililoishia kwenye maandamano ya Juni. Wanaooka biskuti hawakutajwa popote, na si ajabu, kwa sababu kwa vitabu vya serikali hawapo.

Kutokuwapo huko ndiko mpaka wa sasa. Nakuru, ambayo mji wake ulipewa hadhi ya jiji Desemba 2021, ndiyo kaunti ilikoanzia Nakumatt, iliyoanza kama duka la magodoro la Nakuru, na ndiyo yenye Rongai, ambako Tuskys na Naivas zilizaliwa. Nakumatt na Tuskys zimeanguka; Naivas imesimama, na kama maduka mengine makubwa ina waokaji wake ndani. Biskuti ya Kaptembwo inaweza kuwa nzuri kuliko zilizo kwenye rafu, lakini haifiki rafuni bila nembo ya KEBS, cheti cha afya cha mshika chakula na leseni ya kaunti, na mkaguzi akija atauliza jiko liko chumba gani na kitanda kiko chumba gani. Vikundi vingine vya akina mama vimeanza kukodi kibanda kimoja chenye oveni moja kubwa kando ya barabara, wakagawana siku na gharama ya gesi ili anwani ya kuandikwa kwenye leseni ipatikane.